Kiti cha Sifa Hakikuteleza

Yaya Wilondja, kaka yangu, mwana wa kwanza wa mama yetu,

Nakuandikia kutoka ng'ambo ya ziwa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya nyumba ya turubai, daftari la shule likiwa magotini. Barua hii siifungi. Sina mtu wa kumpa aipeleke, na wewe huna tena pahali pa kuipokelea. Anayetaka kuisoma aisome. Jambo ninaloliungama hapa nililificha mbele ya watu wengi, kwa hiyo si vibaya wengi wakilijua.

Wasiokujua watafikiri ulikuwa shofere kama mashofere wengine. Uliendesha gari la afya, ile Land Cruiser nyeupe iliyobandikwa mabati mlangoni, ukipanda na kushuka kati ya Fizi na Baraka na vijiji vya kando ya ziwa, ukibeba chanjo, wagonjwa na wakati mwingine maiti. Mke wako alifariki na mtoto tumboni kabla vita havijatufikia, nawe hukuoa tena. Mume wangu alikuwa amekwenda kusini kutafuta dhahabu, vita vikafunga njia nyuma yake, hatukumsikia tena. Kwa hiyo pale Fizi tukawa nyumba moja: wewe, mimi mwalimu wa darasa la tatu, na mwanangu Sifa, ambaye kila mtu alidhani ni wako kwa jinsi alivyokufuata.

Nakukumbuka ulivyonibeba kwa baiskeli tukiwa wadogo Lweba. Watoto wengine walipandishwa tu na kuambiwa wajishike. Wewe ulichukua kipande cha kitenge cha mama ukanifunga miguu isiingie kwenye spoku, na njia nzima ulikuwa ukigeuka kuangalia kama fundo limelegea. Nilikuwa naona haya. Wenzangu walicheka wakasema nimefungwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Wewe hukujali. Ndivyo ulivyokuwa, mtu wa kufunga na kukagua, ukishaondoka nyumbani unarudi kusukuma mlango uone kama umefungika.

Halafu akafa yule mtoto wa mchuuzi wa samaki. Unakumbuka? Gari lao lilikwama ghafula kwenye daraja la miti, watu wote wakatoka salama, na mtoto akatoka akitembea kwa miguu yake. Siku ya tatu ulimbeba wewe kumpeleka kwa daktari akiwa na tumbo gumu kama ubao, na hakumaliza siku hiyo. Ulirudi nyumbani ukakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Feza," uliniambia, "ule mutoto alitoka mu gari akitembea. Alitembea, unasikia? Bantu bakaimba, bakamushukuru Mungu."

"Basi kitu gani kilimuua?"

"Mukaba. Daktari ameniambia, mukaba, ule mukanda ya kufunga mu gari, ilitengenezwa kwa mutu mukubwa. Mutoto akikaa, iko chini sana, mukaba inamupanda ku tumbo. Gari ikisimama gafula, inamukata ndani. Inje hauone damu hata kidogo."

Zikapita siku kadhaa. Kisha nikakuona uani na msumeno. Ulikata ubao, ukaupigia misumari vipande vya mti wa mpera huku na huku, kama pembe mbili zilizoinamia mbele. Ukachukua sponji ya godoro la marehemu mkeo, godoro ambalo hukuwa umemruhusu mtu yeyote kuligusa, ukalikata. Ukavisha turubai la bluu juu yake. Nikakuuliza ni kiti cha kufulia nguo? Ukaniita garini, ukamkalisha Sifa juu yake kwenye kiti cha abiria cha mbele, ukapitisha mkanda chini ya zile pembe mbili.

"Angalia. Sasa mutoto amepanda. Mukaba inalala hapa, ku mufupa ya kiuno. Mufupa inaweza vumilia." Kisha ukaweka kidole juu ya kitovu chake. "Si hapa. Hapa hakuna mufupa."

Sifa alicheka kwa kutekenywa, akajipinda, akaketi sawa, akatazama nje ya kioo. Kwa mara ya kwanza aliweza kuona barabara, maana siku zote alikuwa akiona dashibodi tu. "Mujomba, mi ni mwami leo!" alisema.

"Sawa, lakini mwami anafungaka mukaba kwanza."

Toka siku ile watoto wa Fizi wakakiita kiti cha mwami, kiti cha mfalme. Ukibeba mtoto mgonjwa na mama yake, ulimkalisha juu yake kabla hujawasha gari. Byaombe, aliyeendesha pikapu ya mfanyabiashara wa Baraka na aliyekuwa rafiki yako wa tangu ujana, alikuja kukipima kwa kamba, akaenda kutengeneza viwili kwa ajili ya watoto wake. Alitembea akijisifu navyo kuliko wewe.

Mimi ndiye niliyekucheka. Nilikuambia: "Yaya, siye tulikomaa juu ya baiskeli, juu ya malori, juu ya magunia ya muhogo, na hatukufa."

Hukukasirika. Ulisema tu: "Bale benye balikufa habako hapa bakuambie."

Nimeyaweka haya yote hapa kwanza ili anayesoma aelewe kwamba nilijua. Nilionyeshwa kwa kidole juu ya tumbo la mwanangu mwenyewe. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Siku ile ya kuondoka Fizi, risasi zilianza kusikika upande wa mlima kabla hatujanywa chai. Mwanzoni zilikuwa mbali, watu wakaendelea kufagia. Baadaye zikashuka. Wakaanza kupita watu wa vijiji vya juu na magodoro vichwani, na nyuma yao familia mbili za wafugaji bila ng'ombe hata mmoja, wanatembea bila kumwangalia mtu. Mwalimu mkuu alipiga kengele akawaambia watoto waende nyumbani. Nikamshika Sifa mkono tukakimbia hadi kituo cha afya, na wewe ulikuwa tayari unapakia wagonjwa nyuma ya gari.

"Baraka leo, ama hatufike tena," ulisema. "Hakuna mizigo. Bantu tu."

Nyuma waliingia wagonjwa wanne wa kulala, wazee, akina mama na vichanga, wakabanana hadi mlango ukafungwa kwa kamba. Mbele kulikuwa na nafasi mbili. Ulimpandisha Mama Asende katikati, karibu nawe, kwa sababu mimba yake ilikuwa imefikia mwezi wake na hakuweza kukunja miguu nyuma. Kiti cha mlangoni ulikiacha kwa Sifa. Uliweka kile kiti cha mwami pahali pake, ukakifunga kwa kamba kisiteleze, ukanigeukia.

"Feza, we utakaa nyuma na bamama. Sifa atakaa mbele ku kiti yake. Mufunge vizuri, mi naenda kuleta ule muzee wa mwisho."

Ukaondoka ukiingia wodini.

Yaya, nilitazama nyuma ya gari. Niliona vichwa, na macho, na yule mgonjwa aliyekuwa akitapika kwenye beseni. Niliogopa kukaa mle. Niliogopa pia kwamba wakipiga risasi watapiga nyuma, kwa sababu nyuma ndiko wanakotoka. Lakini zaidi ya hayo niliogopa kutengana na mwanangu. Nilijiambia kwamba likitokea lolote nitakuwa nimemshika. Katika siku kama ile nani anataka kukaa pahali ambapo hamwoni mtoto wake?

Nikakitoa kile kiti. Nilikifungua kamba yake kwa haraka, nikampa mzee mmoja aliyekuwa nyuma, akakiweka chini yake akakikalia. Kisha nikapanda mbele, nikajibana mlangoni, nikamkalisha Sifa kati yangu na Mama Asende, moja kwa moja juu ya kiti cha gari, tukiwa tumegawana nafasi ya mtu mmoja. Nikavuta mkanda nikamfunga yeye peke yake. Niliona ulivyopita. Ulipita juu ya kitovu, pale pale ulipoweka kidole.

"Mama, na kiti yangu?" aliuliza.

"Leo utakaa na mama. Nyamaza."

Ulirudi mbio, ukampandisha yule mzee nyuma, ukaingia upande wako, ukaniona mbele lakini hapakuwa na muda wa kunirudisha nyuma, ukawasha gari. Tumbo la Mama Asende lilikuwa katikati yetu na wewe, pamoja na kanga yake na kifurushi cha nguo za mtoto. Hukuweza kumwona Sifa alivyokaa. Uliuliza ukiwa tayari unageuza usukani:

"Sifa iko ku kiti yake?"

"Iko."

"Mukaba?"

"Nimemufunga."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. La kwanza lilikuwa uongo na la pili lilikuwa kweli, na yote mawili yalimuua.

Uliendesha kuliko ulivyozoea. Sijawahi kukulaumu kwa hilo, na wewe usijilaumu. Risasi zilikuwa nyuma yetu na nyuma ya gari watu walikuwa wakigonga bati wakisema endesha, endesha. Tulishuka mlima, vumbi limeziba vioo vya pembeni, Sifa ameniwekea mkono mmoja pajani. Kabla hatujafika Mutambala, kwenye kona, tukalikuta lori limeachwa katikati ya njia, magurudumu yameng'olewa. Ulikanyaga breki. Ulifanya kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya. Gari liliteleza kwa ubavu, likagonga kona ya lori kwa upande wa mbele, likasimama.

Halikuwa pigo kubwa. Mtu aliyeona gari baadaye angesema tumebahatika. Mimi niligonga uso kwenye dashibodi, meno mawili yakatoka. Mama Asende alivunjika mkono lakini mimba haikudhurika. Nyuma, ile kamba ya mlango ilikatika, watu wakamwagika barabarani pamoja na vyote walivyovikalia. Wazee walilia, akina mama wakaita majina ya watoto wao. Nilifungua mkanda, nikamtoa Sifa, nikamsimamisha kwenye majani. Hakuwa na mkwaruzo. Alikuwa akinitazama mdomo.

"Mama, unatoka damu," alisema.

Ulikuja ukizunguka gari, ukampapasa kichwa, mikono, miguu. Kisha ukapiga magoti ukamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu mkeo afe nikakuona unalia. "Mukaba imemuokoa," ulisema. "Kiti imemuokoa." Uliwaambia hata wale waliokuwa wakiugulia chini. Wakamtazama Sifa, mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa kushukuru.

Wakati ule ningeweza kusema. Ningesema, na ungemtazama tumbo saa ile ile. Lakini ulikuwa na furaha, nami nilikuwa na damu mdomoni, na mtoto alikuwa amesimama. Nikaona hakuna sababu.

Gari halikuwaka tena. Tukaenda kwa miguu hadi Baraka, wagonjwa wakibebwa kwa zamu. Ulimbeba Mama Asende mgongoni sehemu ndefu ya njia. Sifa alitembea. Yaya, alitembea karibu njia nzima. Karibu na mwisho alianza kuinama kidogo, akasema tumbo linamuuma kama mtu aliyekula embe bichi. Nilimwambia ni njaa.

Baraka tulipata kibaraza cha shule. Mtu alitupa muhogo wa kuchemsha. Sifa akala kipande, akatapika. Ndipo ulipomwinulia blauzi kumsugua tumbo, ukaona. Alama ilikuwa imepita juu ya kitovu kutoka ubavu hadi ubavu, nyekundu iliyoanza kuwa nyeusi, pana kama mkanda wenyewe. Ulikaa ukiitazama. Nilikuona ukiielewa. Uliweka kidole kwenye mfupa wa kiuno, pahali ambapo alama ilipaswa kuwa na haikuwapo.

"Iliteleza," ulisema polepole. "Kiti iliteleza chini yake."

Ulikuwa umekiona kule barabarani. Kilikuwa kimeanguka pamoja na wale watu wa nyuma, kimelala kwenye majani, pembe moja imevunjika, na katika fujo ile hukujiuliza kimetokea mlango gani. Ulidhani kimeruka kutoka mbele. Ulidhani kamba uliyoifunga wewe haikushika.

Ukamsogelea Sifa, ukamwuliza kwa sauti ya chini, kama unavyouliza mtoto jambo usilotaka kumtisha: "Sifa, kiti yako iliteleza?"

Alinitazama mimi kwanza. Alikuwa na miaka saba, Yaya. Alinitazama uso uliovimba, akatazama mikono yangu, kisha akakujibu:

"Sijui, mujomba."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikufungua mdomo. Nilimwacha mwanangu anisitiri, na tumbo lake linajaa damu.

Ulimbeba kituoni. Muuguzi mmoja tu alikuwa amebaki, wengine walikuwa wamekimbia. Alimgusa tumbo akakuita pembeni, lakini nilisikia: anahitaji kupasuliwa, na Baraka hakuna wa kupasua. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa. Boti zenye mota zilikuwa zimechukuliwa na wanajeshi. Ulizunguka ufuko mzima, ukawaomba wavuvi, ukawaomba askari, ukarudi, ukaondoka tena. Mmoja akakuahidi kwamba kesho yake mchana atakuwa na boti ya kwenda ng'ambo. Kesho yake mchana boti ilikuwepo kweli. Mtoto ndiye hakuwepo. Alikufa jua likiwa bado la asubuhi, kichwa kwenye paja langu, akiomba maji ambayo muuguzi alikuwa amekataza apewe. Sikumpa. Nilishika agizo lile. La kwako lililokuwa na maana ndilo sikulishika.

Tulimzika upande wa nyuma wa kanisa, kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wengi wa kuzikwa. Byaombe alikuja na watoto wake wawili kutupa pole. Mlikaa chini mbele ya kibaraza, mimi nikiwa ndani ya mlango pamoja na wamama, na nilisikia kila neno.

"Byaombe," ulimwambia, "tosha bile biti mu gari yako, ubitoe byote."

"Kwa nini, ndugu?"

"Inadanganya bantu. Mi nilifikiri nimejua. Nilimufungia ule mutoto kiti, kiti ikateleza, mukaba ikamukata. Afazali ningemuacha na mama yake amubebe. Tosha, ndugu, usiuwe batoto bako."

Byaombe alikwenda mpaka kwenye pikapu yake. Nilimwona kupitia mlangoni akitoa vile viti viwili, kimoja kimoja, akaviweka chini ya ukuta. Watoto wake walisimama wakimtazama. Mdogo aliuliza sasa atakaa wapi, baba yake akafunga mlango wa gari.

Ningesimama wakati ule, wewe ungeniangalia kwa macho ambayo nisingeyaweza. Hilo tu ndilo lililonizuia. Nilikuwa nimepoteza mtoto na nikaogopa kukupoteza na wewe. Sikuelewa kwamba nilikuwa nimeshakupoteza pale pale, kwa sababu mtu aliyebaki kwenye kile kibaraza hakuwa wewe tena. Hukukagua milango. Ulilala na viatu. Gari la afya lilipofanyiwa matengenezo wakakuletea funguo, ukawaambia wampe mtu mwingine.

Wiki iliyofuata vita vilishuka hadi ziwani. Ulinisindikiza kwa miguu mpaka Lweba, kwa mjomba mmoja aliyekuwa na mtumbwi wa mota aliouficha kwenye matete. Nilikuomba tuvuke pamoja. Ulikataa, ukasema utapanda Lubondja kwenye shamba la mama, kwamba huko utalima. Tulisimama majini hadi magotini. Watu walikuwa wakisukumana kuingia. Ukanishika mikono miwili.

"Feza, unisamehe. Ni mikono yangu ilifunga ile kamba."

Yaya, ulinipa nafasi ya mwisho. Tulikuwa wawili, hakuna aliyetusikiliza. Mwenye mtumbwi alikuwa akiita. Nami nikakujibu:

"Nimekusamehe, Yaya. Usirudilie tena hayo maneno."

Ukainamisha kichwa kama mtu aliyepokea chakula. Ukanisukuma nikaingia. Nilikuona umesimama kwenye maji mpaka mtumbwi ulipogeuka.

Niliishi huku nikijipangia siku ya kukuambia. Nilisema vita vikipoa nitavuka. Nilisema nitaandika, nikaanza barua mara nyingi nikaishia kwenye salamu. Nikifundisha watoto wa kambini kuandika barua kwa ndugu aliye mbali, natoa mfano ubaoni, na mkono wangu unasita pale pale.

Msimu uliopita wa mvua alifika Byaombe. Alikuja na watoto wake, bila pikapu, bila mke. Nilimkuta kwenye foleni ya mahindi, amezeeka uso. Alinivuta kando, akaniambia umekufa. Homa ilikushika Lubondja, njia zimefungwa, dawa hakuna. Watu wa kule walikuzika vizuri, alisema, wakapata hata mbao za jeneza.

Nikamwuliza ulikuwa ukiishije.

"Alilima," Byaombe alisema. "Siku moja kulikuwa na gari mu kijiji, shofere amekimbia, na mama mumoja anaumwa uzazi. Bakamuomba Wilondja aendeshe. Akakataa. Akasema, mikono yangu haijue kufunga mutu. Bakamubembeleza sana. Akaingia mu shamba, akabakia kule mupaka gari ikapata mutu mwingine."

Nilikaa chini kwenye matope, foleni ikinipita. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia mzee niliyempa kiti hadi neno nililokujibu ndani ya gari. Wewe ungekuwa wa kwanza kuambiwa, na sasa aliambiwa Byaombe.

Sikuona hasira kwake, ningeitaka hasira.

"Kwa hiyo ile kiti ilikuwa nzuri," alisema.

"Ilikuwa nzuri."

"Byangu tulibipasua, tukapikia." Alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Na gari haiko tena, mama Sifa. Mafuta haiko, barabara haiko. Unaniambia leo ili nifanye nini?"

Akachukua debe lake akarudi kwenye foleni.

Yaya, nilijaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu, ingawa kujaribu kwenyewe ni kwa aibu. Malori ya hapa huwabeba watoto juu ya magunia, wanashikilia kamba, na ndani ya kabini mama amempakata mtoto, mkanda mmoja umewazunguka wote wawili. Juzi nilimwendea shofere mmoja kijana, nikamweleza kuhusu mfupa wa kiuno na tumbo, nikamwonyesha kwa kidole juu yangu mwenyewe. Alinisikiliza kwa heshima kwa sababu mimi ni mwalimu. Kisha akaniambia, mama, huku watoto wanakufa kwa kuhara, kwa risasi, kwa njaa, na wewe unalilia mkanda? Akawasha gari. Mama aliyekuwa kabini alimvuta mwanawe karibu, akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kichaa mpole. Nilimwelewa. Nilikuwa nimekaa vile vile.

Watu wakiniuliza mwanangu alikufa na nini, nasema vita. Wote wanaelewa, hakuna anayeuliza zaidi. Na kweli vilikuwa vita vilivyotutoa nyumbani, vikaweka lori kwenye kona, vikafunga njia ya daktari. Lakini wewe ulikuwa umeshatafuta namna ya mtoto kupita katikati ya hayo yote akabaki mzima. Uliitafuta kwa msumeno na godoro la mkeo. Vita havikukitoa kile kiti. Mimi ndiye niliyekitoa.

Padri wa kambini ananiambia kwamba wewe sasa unajua yote, kwamba wafu wanaona. Ningetaka kumwamini. Nikiwa peke yangu siamini. Naona tu kwamba uliingia kaburini na uongo wangu, ukiubeba kama wako, na hakuna njia ya kuingia kule kuutoa. Sikuombi msamaha. Msamaha anautoa mtu, na mtu hayupo.

Kwa heri, Yaya. Kama wangekuwapo wa kukusomea haya juu ya kaburi, ningewaomba wasome sehemu moja tu: kamba yako ilishika mpaka nilipoifungua mimi. Mikono yako haikukosea. Ndilo nililotaka ulijue, na hutalijua.

Ni mimi, mdogo wako,
Feza, mama Sifa